Usaliti wa Kompyuta na Dawa Yake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana bwenini tangu tuliporudi kutoka likizo ya mwezi wa Juni. Wenzangu wanaocheza michezo ya kompyuta wawapo makwao hulalamika kwamba wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe ni wasaliti wakubwa. Husema, "Nilifanya naye amani, nikampa dhahabu, na bado akanivamia!" Mmoja alifika hata kuapa kwamba mashine hizo zimefundishwa kuwachukia wanadamu. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo la walalamikaji. Leo nimetoka humo, na ningependa kueleza kwa nini nimetoka, na jinsi mtu awezavyo kuuzuia usaliti huo.

Kwa ajili ya walimu na wazazi ambao hawajauona mchezo wa namna hii, nitaueleza kwa ufupi. Si ule wa kukimbizana na kupigana risasi, ambao mwenye mkono mwepesi ndiye hushinda. Huu huchezwa kwa zamu, kama bao. Wewe hutenda yako yote: hujenga miji, hulima mashamba, hutengeneza barabara, hutuma askari na wajumbe; kisha humaliza zamu yako, na wengine hutenda yao. Hakuna anayekuharakisha. Waweza kufikiri robo saa, waweza hata kwenda kuteka maji na kurudi. Tofauti yake na bao ni kwamba katika bao mko wawili tu, na kila mmoja ajua kwamba mwenzake ni mpinzani. Hapa mwaweza kuwa watano au kumi, nanyi mwaweza kuagana na kusaidiana, na kwa hiyo mwaweza kusalitiana. Pasipo ahadi hapana usaliti.

Mchezo ninaoujua mimi huitwa Freeciv. Ulianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, nchini Denmark, nao ukatolewa kwa watu mwezi wa Januari 1996. Waliufuata mfano wa mchezo mashuhuri wa Civilization, uliotoka Marekani mwaka 1991, ila wao waliutoa wao bure. Tena hautaki kompyuta ya gharama. Mjomba wangu hutengeneza kompyuta kuukuu huko Mwananyamala, Kinondoni, naye aliuweka katika kompyuta moja ambayo hakuna mteja aliyeitaka. Kila likizo mimi hutoka kwetu Tandika, Temeke, nikaenda kumsaidia kufagia karakana na kupokea wateja. Jioni, kama umeme upo, hunipa saa moja ya kucheza.

Katika likizo hiyo ya Juni nilianzisha nchi, nikaipa miji yangu majina ya kwetu. Tandika ulikuwa mji mkuu, kisha Chang'ombe, Keko, Kurasini na Mbagala. Mbagala ulikuwa kusini kabisa, mpakani, kando ya mto, nao ndio uliokuwa ukistawi kuliko yote. Jirani yangu wa kusini aliendeshwa na kompyuta. Tulianza kwa vita, kama ilivyo desturi ya mchezo huo, kisha tukasitisha vita, tukafanya amani, na hatimaye tukafunga ushirika. Kwa kuwa alikuwa mshirika wangu, niliwaondoa askari wote Mbagala nikawapeleka kaskazini. Siku ya nne jioni mshirika wangu akauvunja ushirika. Baada ya zamu si nyingi Mbagala ulikuwa mikononi mwake. Nilipiga meza kwa kiganja nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mjomba hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Barua zake umezisoma, mjomba?"

Sikuwa nimezisoma. Mara ya kwanza jirani yule alikuwa ameniletea ujumbe kwamba yuko vitani na nchi ya mashariki, akaniomba mimi, mshirika wake, nimsaidie. Niliufunga ujumbe ule kwa sababu nilikuwa nikijenga maktaba. Zamu kadhaa baadaye akaniuliza kwa nini sijaingia vitani bado. Nikaufunga tena. Mara ya tatu hakuomba wala hakuuliza. Basi nani alimsaliti mwenzake kwanza?

Kisha mjomba akanionyesha jambo ambalo sikulijua. Kwa kuwa mchezo huu ni wa wazi, maandishi yote ya programu yake yaweza kusomwa na mtu yeyote. Imo sehemu inayohusu mapatano baina ya nchi, nayo huonyesha kinagaubaga jinsi kompyuta inavyoamua kupigana. Tulikaa nayo jioni mbili, yeye akisoma na kunifafanulia. Sikuona mle chuki juu ya wanadamu. Niliona hesabu.

Kompyuta hutazama kwanza itapata nini ikikushinda: miji yako na vilivyomo. Kisha hutazama ahadi zipi itazivunja kwa wengine ikikushambulia, na kama inayo sababu ya kujitetea. Tena hutazama kipimo ambacho watungaji wenyewe wamekiita upendo, lakini upendo huo ni namba tu. Zawadi huiongeza. Kupigana na adui wake huiongeza. Askari wako wakizurura ndani ya mipaka yake, namba hushuka, hata kama ninyi ni washirika. Ikisha kumchagua wa kumpiga, huanza kuhesabu zamu kuelekea siku ya vita, na siku hiyo ikifika hutangaza vita pamoja na sababu yake. Kwa hakika ni mpinzani mwaminifu kuliko wengi, maana mambo yatakayomfanya akugeuke yameandikwa kabla hamjaanza kucheza.

Ikiwa ndivyo, dawa yake yapatikana. Mimi nimeona dawa tano.

Ya kwanza ni kujua umefanya mapatano gani. Katika Freeciv kusitisha vita si amani. Hudumu zamu 16 tu, na kama hamkufanya amani kabla hazijaisha, vita hurudi vyenyewe. Wengi wa wenzangu wanaolia kwamba walivamiwa "katikati ya amani" hawakuwa na amani hata siku moja. Hawakusalitiwa, walisahau tarehe. Amani yenyewe ni tofauti, kwani anayetaka kuivunja hana budi kutangaza, na zamu 16 hupita kabla ya vita kuanza. Muda huo watosha kujenga ukuta na kuleta askari. Mimi sasa huweka daftari kando ya kompyuta nikaandika kila mapatano na zamu yake.

Ya pili ni kubadilishana mabalozi mapema. Kompyuta haipendi kufanya amani na mtu ambaye haina balozi kwake, na wewe nawe usiye na balozi huwezi kujua jirani yako anapigana na nani na amepatana na nani. Anayefunga mkataba gizani asimlaumu mtu kwa giza hilo.

Ya tatu ni kutouacha mji wa mpakani mtupu. Hii ndiyo iliyonigharimu Mbagala. Wako wasemao kwamba kuweka askari mbele ya rafiki ni kumtukana. La hasha! Mlango uliofungwa haumtukani jirani mwema, tena humwondolea jirani dhaifu wa roho kishawishi. Ila askari hao wakae ndani ya mpaka wako. Ukiwapeleka kutembea katika nchi yake utaipunguza namba ile ya upendo kwa mikono yako mwenyewe.

Ya nne ni kutoahidi usichokusudia kulipa. Watu hupenda ushirika kwa sababu una jina kubwa kuliko amani. Lakini ushirika ni ahadi ya kupigana vita vya mwenzako, na ahadi ni deni. Kama huna askari wa kumpa, baki katika amani, kwani amani haikudai kitu ila kutulia. Na kama umekwisha kuwa mshirika, jibu barua.

Ya tano ni kuangalia unapokaribia kushinda. Njia moja ya kushinda mchezo huu ni kutengeneza chombo cha kwenda kwenye nyota ya mbali. Unapoanza kukitengeneza, nchi za kompyuta zaona kwamba mchezo unakwisha nazo zashindwa, nazo hukugeukia, hata zile ulizozilisha. Mji wako mkuu ukitekwa, chombo nacho kimepotea. Kwa hiyo imarisha mji mkuu kwanza, halafu ndipo uanze kujenga chombo.

Nilianza mchezo upya nikizifuata dawa hizo. Nilikaa na jirani yangu mpya wa kusini kwa amani tupu, bila ushirika, zamu zaidi ya mia moja, naye hakunigusa. Nilipoanza kutengeneza chombo alinijia mwingine wa mashariki, lakini alinikuta na kuta. Sisemi kwamba dawa hizi huzuia kila usaliti. Nasema kwamba usaliti unaobaki hukukuta macho, hukukuti usingizini.

Sasa, mtu aweza kuuliza mambo haya ya mchezo yana faida gani kwa mwanafunzi. Naomba anifuate kidogo katika Historia. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika pwani yetu. Mombasa waligombana naye, bali Malindi walimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumwongoza hadi Bara Hindi. Malindi walikuwa na sababu, kwani Mombasa walikuwa mahasimu wao, na mgeni mwenye mizinga alikuwa mshirika mzuri. Wareno waliichoma Mombasa mwaka 1505, wakaichoma tena mwaka 1528. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa awe mfalme chini yao. Kwa macho ya wakati ule Malindi walikuwa wameshinda. Lakini Wareno walipokuwa na ngome yao wenyewe hawakuwa na haja tena ya rafiki yao. Wakagombana na Mfalme Hasan, na mwaka 1614 akauawa kwa hila zao. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, walimlea Goa katika dini yao, wakamrudisha atawale. Mwezi wa Agosti 1631 aliwageuka, akamwua kapteni wao na kuiteka ngome.

Tazama hesabu iliyomo humo. Urafiki ulisimama miaka mingi kwa sababu kila mmoja alimhitaji mwenzake kesho. Haja ya kesho ilipokwisha, urafiki ukafa. Malindi hawakukosa kwa kupatana na mgeni. Walikosa kwa kutojiuliza mgeni yule atawahitaji kwa nini baada ya kupata alichokijia.

Kompyuta nazo zimetufundisha jambo hilohilo. Mwaka 1980 mwanachuoni wa Marekani, Robert Axelrod, aliwaalika wataalamu walete programu zishindane katika mchezo ambao kila zamu unaweza kushirikiana na mwenzako au kumsaliti. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya bwana mmoja aitwaye Anatol Rapoport. Programu hiyo huanza kwa kushirikiana, kisha humtendea mwenzake lile alilotendewa zamu iliyopita, basi. Ilishinda hata mashindano ya pili. Axelrod alieleza habari hizo katika kitabu cha mwaka 1984, akaonyesha kwamba watu hushirikiana pale wanapojua kwamba watakutana tena. Mtu akijua kwamba hii ndiyo zamu ya mwisho, hesabu humshawishi asaliti, kwa kuwa hakuna kesho ya kulipizwa.

Nilipofika hapo katika kuyafikiri makala haya niliona haya, na sasa sina budi kukiri.

Mwezi wa Julai mimi na mwenzangu tunayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini na mimi juu, tuliagana juu ya Mtihani wa Taifa wa mwezi wa Novemba. Mimi niandike mihtasari ya Historia na Uraia, yeye aandike ya Hisabati na Kemia, na kila Jumamosi tubadilishane. Tulifanya hivyo kwa uaminifu mpaka matokeo ya mtihani wa majaribio yalipobandikwa. Yeye alikuwa amenipita kwa nafasi nane. Sikusema neno. Jumamosi iliyofuata nilimwambia kwamba muhtasari wangu haujawa tayari. Ulikuwa tayari, chini ya godoro langu. Jumamosi ya pili nikamwambia vilevile. Aliniuliza mara mbili, kama alivyoniuliza jirani yangu wa kusini. Lakini yeye hakuvunja mapatano. Jumamosi zote mbili aliniletea karatasi zake za Kemia, zimeandikwa kwa mwandiko safi, akaziweka juu ya mto wangu.

Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya mashine: anayeongoza ndiye wa kupigwa. Tena nilijiambia kwamba Novemba ikiisha yeye atarudi kwao Kigoma na mimi Temeke, wala hatutakutana tena. Mwenzangu hakuwa na daftari la zamu 16 wala balozi wa kumwonya. Alikuwa na neno langu tu.

Hapo ndipo nilipoelewa mipaka ya zile dawa tano. Zatosha kwa kompyuta, kwa sababu kompyuta haina kingine ila hesabu. Kwa mwanadamu hazitoshi. Siwezi kumwambia mwenzangu ajenge ukuta dhidi yangu. Dawa ya usaliti wa mwanadamu haiwekwi kwa yule anayeogopa kusalitiwa peke yake, yawekwa pia kwa yule anayeweza kusaliti, na kila mmoja wetu aweza. Kosa langu halikuwa kujifunza hesabu za mashine. Kosa lilikuwa kuzileta kitandani kwa rafiki.

Jumapili jioni nilimpa mihtasari yote mitatu niliyokuwa nimeificha, nikamweleza kwa nini. Alikaa kimya. Akafunua kurasa moja moja chini ya taa, kisha akasema, "Vita vya Majimaji hujaviandika." Niliviandika usiku uleule, mpaka kengele ya kulala.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, nasema nanyi hasa. Tumo katika zamu za mwisho, nao ndio wakati ambao vikundi vya kujisomea huanza kuvunjika, vitabu huanza kupotea, na mtu hujifanya hajui jibu analolijua. Nashauri mambo matatu. Kila kikundi kiandike mapatano yake: nani ataandika nini na lini. Asiyeweza kutimiza aseme mapema, maana mapatano madogo yanayotimizwa ni bora kuliko makubwa yanayovunjwa. Na mwenzetu akitupita tusimgeuke. Mtihani huu si safari ya nyota ambayo mmoja tu hufika. Hakuna alama yangu hata moja inayopungua kwa sababu jirani yangu amepata ya kwake.

Kwa walimu na wazazi, siombi simu ziruhusiwe bwenini wala masomo yapunguzwe. Mimi mwenyewe nilitosheka na saa moja ya jioni. Naomba tu kwamba mtoto akionekana likizoni akicheza mchezo wa namna hii asiitwe mpotevu mara moja. Aulizwe kwanza, "Umepatana na nani, na umetimiza?" Akijua kujibu, anajifunza kitu. Asipojua, basi na afagie karakana.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne